Ukurasa Nilioukata

Brenda aliniuliza wiki iliyopita, tukiwa kwenye kibanda chake cha vitabu nyuma ya soko, ni wembe gani nilikuwa nikitumia kukatia kurasa zenye majina ya watu. Swali zuri la kazi. Nilijifanya sikusikia, nikaaga, nikaenda zangu. Brenda, samahani. Sikukasirika. Jibu nilikuwa nalo, ila ni refu na lina kilio ndani, na kibanda chako hakina kiti cha pili. Basi nakuandikia wewe na wenzako wote mnaouza vitabu vilivyotumika hapa Kakamega, muwe mnavipanga chini kwenye turubai au mnavipiga picha na kuviuza kwa simu. Nyinyi mnaniita Kukhu Vitabu, yaani Bibi Vitabu, na jina hilo nalipenda. Kazi hii niliifanya zaidi ya miaka thelathini, na nilikuwa hodari. Nataka mjue nilikosea wapi.

Aliyenifundisha ni Mzee Ambani, mwenye duka, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja kati ya fundi cherehani na muuza dawa za mifugo, kwa hiyo kila kitabu tulichouza kilinukia dawa ya kupe. Wateja walizoea. Mmoja aliwahi kuniambia kwamba akinusa ng'ombe aliyetoka kwenye josho anakumbuka hesabu za darasa la saba.

Siku yangu ya kwanza Mzee Ambani alinipa wembe, rula, msasa, gundi na karatasi ya kaki. Msasa ni wa kusugua mihuri ya shule pembeni mwa kitabu. Gundi ni ya mgongo. Kaki ni ya kufunikia, ili mzazi asione jalada lililotafunwa na panya.

"Na wembe?" nikauliza.

"Wembe ni ya majina. Kitabu ikiingianga hapa haina mwenyewe tena. Toa jina, toa barua ya mapenzi, toa yote. Mteja anaogopanga jina ya mtu. Anaona ni kama ameiba."

Alikuwa na sababu. Siku za nyuma askari alikuja dukani na mwalimu mkuu mmoja aliyekuwa amekuta kitabu chenye muhuri wa shule yake kikiuzwa kwetu, na Mzee Ambani alishinda kituoni mchana kutwa akieleza. Tangu siku hiyo hakuna jina lililopita mlangoni mwetu likabaki.

Ukurasa haukatwi ovyo. Ukiukata kutoka kwenye mshono, mwenzake wa upande wa pili unalegea na kudondoka. Unaacha ukanda mwembamba, nusu ya upana wa kidole, unaweka rula, unavuta mara moja. Mimi natumia mkono wa kushoto, kwa hiyo nilivuta kutoka chini kwenda juu, na karibu na mwisho wembe ulikimbilia nje kidogo. Hivyo ndivyo nilivyokata, maelfu kwa maelfu. Kurasa zilizokatwa zilikwenda kwenye katoni chini ya meza, na saa kumi alasiri tulizitumia kuwashia jiko la chai.

Msidhani nilikuwa sikosei mambo mengine. Mwanafunzi mmoja wa chuo cha kilimo cha Bukura alinirudishia kitabu cha ushonaji nilichokuwa nimekifunika kaki na kuandika juu yake "Magonjwa ya Kuku". Alikuwa amekibeba darasani wiki nzima kabla ya kukifungua, kwa hiyo sijui kati yetu nani alistahili aibu zaidi. Makosa ya namna hiyo yanachekesha, mnabadilishana vitabu na maisha yanaendelea.

Mama Mariamu alikuja dukani asubuhi moja ya mvua, ameshikwa mkono na mwanawe Idi. Wakati huo Mzee Ambani alikuwa amekwisha kufariki na duka nililiendesha peke yangu. Mama Mariamu ni wa Matungu, karibu na Mumias, na macho yake yalikuwa yamefifia kabisa. Idi nilimtambua mara moja. Miezi kadhaa kabla ya hapo, baada ya kumzika baba yake, alikuwa ameniletea gunia la vitabu vya marehemu, nami nikavinunua vyote.

"Asalaam aleikum," alisema Mama Mariamu kutoka mlangoni.

"Waaleikum salaam, mama. Karibu ukae."

"Mimi sikuja kugombana, mama. Huyu mtoto hakujua. Nimekuja tu kwa ile kitabu ya kijani, ya ukulima. Mzee wangu aliandikanga huko nyuma."

Idi alikuwa akiangalia viatu vyake. Mama Mariamu akanieleza, bila haraka. Alikuwa amezaa watoto saba, na watatu, Hawa, Salimu na Rehema, walimfia wakiwa wadogo, kila mmoja kwa surua, ndani ya miaka michache. Kwao wanawake hawaendi makaburini kuzika. Mumewe na shemeji yake walibeba kila mtoto wakaenda kumlaza kwenye uwanja wa malisho nyuma ya nyumba, ekari mbili za nyasi. Hakukuwa na mawe ya kuweka. Walipanda vijiti, mchwa wakavila. Mumewe alikuwa amefanya kazi kwenye mashamba ya Bukura, akajua kupima ardhi kwa miguu. Alihesabu hatua kutoka kisimani hadi kwa kila mtoto, akaziandika kwenye ukurasa wa mwisho wa kile kitabu cha kijani.

"Alinishikisha huo ukurasa," alisema. "Akaniambia, ukitaka kujua wako wapi, wako hapa. Mimi sisomangi. Na nikimuuliza anisomee, alikuwa analia. Basi nikaacha kuuliza. Nilijua kitabu iko."

Shemeji naye alikuwa amekwisha kufa. Sasa Idi alitaka kulima ule uwanja apande miwa, maana shamba la mbele lilikuwa limechoka na watoto wake walikuwa wengi. Hakuwa mtu mbaya. Alisema mbele yangu, "Mama anionyeshe tu mahali, nitaruka. Lakini siwezi acha ekari mbili juu ya mahali hakuna mtu anajua."

Nami kile kitabu nilikuwa nimekiuza. Alikinunua Mzungu mmoja mzee tuliyemwita Bwana Vipepeo, kwa sababu alikuwa akichunguza vipepeo kule msitu wa Buyangu na kila alipokuja mjini alinunua vitabu vikuukuu vya Kiswahili vinavyotaja mimea. Alikuwa amekwisha kurudi kwao. Nikamwambia Mama Mariamu ukweli huo. Kisha nikaongeza jambo ambalo nimelijutia kuliko yote niliyowahi kusema kazini.

"Ukurasa upo, mama. Nilikiuza kizima. Naukumbuka ule mwandiko, ulikuwa mzuri, wa wino wa buluu."

Na kweli niliukumbuka. Nilikuwa nimeutazama nikasema moyoni, huyu mtu alifundishwa kuandika na mtu mkali. Kwa kuwa niliukumbuka vizuri hivyo, sikuwa na shaka hata chembe kwamba niliuacha mahali pake. Mama Mariamu alifuta macho kwa ncha ya mtandio akasema, "Alhamdulillahi. Basi iko duniani." Idi akakubali kungoja.

Alingoja miaka minne. Kila nilipokwenda Mumias siku ya soko nilipitia kwao, na kila mara Mama Mariamu aliuliza, "Kitabu?" nami nikajibu bado. Bwana Vipepeo hakuniachia anwani. Kitu kimoja tu alikuwa ameniambia, kwamba anatoka Ghent, mji wa Ubelgiji, na kwamba kwao maduka ya vitabu ni mengi mno.

Mnaweza kuona Mungu alivyopanga, au alivyonichokoza, sijui. Binti yangu Beti, ambaye ni muuguzi, aliolewa huko huko, na alipojifungua akanitumia tiketi nikamsaidie kulea. Nilipita Matungu kuaga. Idi akasema, "Sawa. Tukimaliza ramadhani naleta trakta. Ukirudi na kitabu, vizuri. Ukirudi bila hiyo, mama, mimi nitalima."

Kwa hiyo nilifika Ghent na kazi mbili. Beti aliporudi kazini, nilimweka mjukuu kwenye kigari chake, nikamfunika vizuri, tukatoka kutafuta. Barabara za katikati ya mji ule zimepangwa mawe, na kigari kinatetemeka mpaka mtoto anacheka mwenyewe. Nilikuwa sijawahi kuona maduka ya namna ile. Kuna duka la vifungo vya nguo tu. Kuna la brashi tu, za viatu, za chupa, za farasi. Kuna mama mmoja anauza haradali peke yake, ameitia kwenye mapipa, na watu wanakuja na mitungi yao. Nilisimama kwa huyo wa haradali nikamfikiria Mzee Ambani, aliyeuza vitabu, betri, kalamu na vocha za simu na bado akawa na wasiwasi wa kodi.

Duka la kwanza la vitabu niliingia nikasimama nikingoja mwenye duka anishike mkono, aniite mama, aniulize nataka cha darasa gani. Aliinua kichwa, akatabasamu, akaendelea kusoma. Nilikaa humo nusu saa bila mtu kuniuzia kitu. Mwanzoni niliona ni dharau, halafu nikaona ni raha, na nikaona haya kidogo kwa wateja wote niliowavuta mikono Kakamega.

Nilimweleza kwa Kiingereza changu cha shule. Mzee fulani, vipepeo, Kenya, kitabu cha kijani. Hakumjua, lakini alichukua karatasi akaniandikia jina la duka lingine na kunichorea njia. Wa pili, mwenye duka la ramani na paka mnene aliyelala dirishani, akanielekeza kwa wa tatu. Hivyo ndivyo wanavyoishi wale wenye maduka madogo, wanajuana, wanatumiana watu. Sisi hapa tulikuwa tukimwambia mteja kwamba jirani amefunga, hata kama redio ya jirani inasikika.

Katika duka la tatu nilifungua kitabu cha mapishi cha zamani nikakuta jina la mwanamke kwenye ukurasa wa kwanza, na maneno mengi pembeni, chumvi ipunguzwe, mume hapendi hii. Nikamuuliza mwenye duka kwa nini hakuutoa ukurasa huo. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini hamtupi mtoto wake.

"Hicho ndicho watu wanachokuja kutafuta," alisema.

Niliondoka hapo nikikisukuma kigari. Hapo ndipo hofu iliponiingia kwa mara ya kwanza, ingawa nilijiambia ni baridi.

Wa tano ndiye aliyemjua Bwana Vipepeo. Duka lake liko chini ya barabara, unashuka ngazi, na alinisaidia kukishusha kigari. Mwanamume mrefu, sweta imetoboka viwiko. Akaniambia Bwana Vipepeo alifariki mwaka uliotangulia, na vitabu vyake vyote aliletewa yeye, katoni kwa katoni, na bado hajavipanga. Akaniachia chumba cha nyuma. Nilipekua alasiri mbili, mjukuu akilala juu ya shali yangu. Nilikutana na vitabu vyangu mwenyewe humo, vimefunikwa kaki yangu, na hadi leo vinanukia dawa ya kupe. Siku ya pili nilikipata cha kijani.

Nilifungua nyuma. Kulikuwa na ukanda mwembamba, nusu ya upana wa kidole. Umekatwa kutoka chini kwenda juu, na karibu na mwisho umekimbilia nje.

Nilikaa chini sakafuni. Mwenye duka alikuja na maji, akakichukua kitabu, akakitazama. "Pole," akasema, "kuna mtu amekiharibu."

"Ni mimi," nikamwambia.

Hakutaka malipo. Alikifunga kwenye karatasi, akanipandishia kigari hadi juu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nina deni la ukweli kwenu. Jioni hiyo nilimweleza Beti, naye akanionea huruma, akasema, "Mama, si uandike tu hatua zozote? Yeye haoni. Idi atazungushia ua mahali, mama wa watu atapata amani yake." Nilimkemea. Kisha alipokwenda kazini kesho yake nilichukua karatasi kuukuu na kalamu ya buluu, nikaandika. Hawa, hatua arobaini na mbili kutoka kisimani kuelekea jua linakochomoza. Salimu, hatua zake. Rehema, hatua zake. Niliiga mwandiko ule mzuri, na niliuiga vizuri. Nilikaa na karatasi hiyo siku tisa ndani ya Biblia yangu. Kila siku nilimwona Mama Mariamu ameketi penye nyasi tupu, anawaombea dua watoto ambao hawapo hapo, na plau inapita juu yao upande wa pili, na anayejua ni mimi peke yangu. Siku ya kumi niliirarua. Msinisifu. Siku tisa ni nyingi.

Nitawapa jibu la kazi kwanza kabla sijafika Matungu, maana nikifika huko sitarudi kwenye mambo ya wembe. Wembe wowote unakata, Brenda. Kabla ya kukata, soma. Ukishasoma, muulize aliyekileta kama kuna mtu nyumbani ambaye anajua kilichoandikwa. Mkipata vitabu vya marehemu, vikae wiki mbili bila kuguswa, kwa sababu wenye huzuni huuza kwanza na kukumbuka baadaye. Ukilazimika kutoa ukurasa, uweke kwenye bahasha na namba ya simu ya aliyekuuzia, na upige picha, mna simu nzuri kuliko macho yangu. Na msiwashie jiko. Katoni ile chini ya meza, mimi na Mzee Ambani tulikunywa chai yake miaka mingi, na sijui ni siku gani nilikunywa ya Mama Mariamu.

Nilikwenda Matungu siku ya pili baada ya kurudi. Idi aliponiona na kifurushi alikimbia kumwita mama yake. Mama Mariamu alikipapasa kile kitabu, jalada, mgongo, akacheka, akasema, "Ni yenyewe." Akakigeuza. Kidole chake kikaenda nyuma, kikapita juu ya ule ukanda, kikarudi, kikapita tena.

"Iko wapi?"

"Niliukata, mama. Mimi mwenyewe, kabla sijamuuzia yule mzee. Nilikuambia upo, na haukuwepo. Niliuchoma."

Idi alitoka nje. Mama Mariamu alikifunga kitabu akakilaza mapajani. Nilitaka anitukane.

"Ulisema uliona mwandiko," alisema mwishowe. "Basi uliisoma."

"Niliutazama, mama."

"Basi kumbuka. Hata moja tu. Hata ya Rehema, ndio alikuwa wa mwisho."

Nilifumba macho. Wallahi, kama wasemavyo watu wa Mumias, nilijaribu. Niliona wino wa buluu. Niliona herufi zilivyosimama wima, na mkia mrefu wa ile R. Namba sikuziona. Nilikuwa nimeusifu mwandiko tu na kuukata.

"Sikumbuki, mama."

"Basi," akasema.

Trakta ililetwa wiki iliyofuata, nami nilikwenda, ingawa hakuna aliyeniita. Idi alisema angeweza kungoja tena msimu mmoja, na mama yake akamuuliza angengoja nini. Akaomba mambo mawili, dereva aende polepole, na yeye awekewe kiti pembeni mwa uwanja, karibu na kisima. Aliinua mikono akasoma dua. Trakta ilipowashwa akaanza kuita, "Hawa! Salimu! Rehema! Ni sisi. Ni Idi analima. Msiogope." Kila trakta ilipogeuka mwishoni mwa uwanja na kuanza mfuo mwingine, aliwaita tena, wote watatu, kwa sababu hakujua ni mfuo upi wa nani.

Ekari mbili ni mifuo mingi. Kabla ya adhuhuri sauti ilikuwa imemkauka, midomo inaendelea kwenda bila neno kutoka. Akanyoosha mkono hewani akinitafuta, nikaushika, naye akaubana. Nilielewa anachotaka. Trakta iligeuka, nikasimama kando ya kiti chake, nikawaita mimi.